Nilijaza mauntingi za Probox kwa poli: mayai hayakulalamika, nililalamika mimi

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri hunikuta soko la Wangige nikipakia mayai. Trei 120 hivi, yaani mayai 3,600, viti vya nyuma vimelazwa, halafu nateremka na Lower Kabete Road hadi Westlands, Nairobi, nashusha Ngara na Pangani, na kumalizia Eastleigh na Kariobangi kwa vijana wanaouza smokie (soseji) na mayai pasua. Gari ni Probox ya 2011, injini ya 1NZ ya lita moja na nusu, gia za mkono. Niliinunua 2018 ikitoka Japani na sasa imefika kilomita 214,000. Nayasema haya mapema kwa sababu wengi ninaowasikia wakisifia bushi ngumu, yaani mauntingi za injini zilizojazwa poli badala ya raba, ni vijana wenye Subaru za kukimbizana. Mimi sikimbizani na mtu. Nikishika breki vibaya, ni ombleti.

Ugonjwa ulianza na mlio mmoja. Kila nikiachilia klachi nisikie "dum" chini ya miguu, kama mtu aliye chini ya gari amegonga sakafu kwa ngumi. Mwezi wa pili ikaongezeka tabia nyingine: nikikanyaga mafuta mkono wa gia unasogea nyuma, nikiachilia unarudi mbele, wenyewe tu, kama kichwa cha kuku anayetembea. Kwenye msongamano wa asubuhi pale Westlands, mwendo wa kwanza-simama-kwanza-simama, gari lilikuwa linaruka hatua badala ya kuondoka. Nilijiandaa kwa bili ya klachi. Nilishaanza hata kuwadai watu madeni ya zamani.

Siku ya sevisi nikapeleka gari kwa fundi wangu wa Kangemi. Huyu nimemzoea miaka mingi na ana sifa moja ninayoipenda: hagusi spana kabla hajaangalia. Alifungua boneti, akasimama pembeni, si mbele, akaniambia, "Mama Mayai, vuta handibreki, kanyaga breki kabisa, weka ya kwanza, halafu achilia klachi pole pole." Nikafanya. Injini nzima ikainuka kama ng'ombe anayeamka. Tukarudia na rivasi, ikalala upande wa pili. "Klachi yako iko sawa," akasema. "Mauntingi ya nyuma imekwisha."

Kwa wasiozijua: injini haijafungwa moja kwa moja kwenye bodi ya gari. Imekalia vipande vya chuma vyenye raba katikati. Probox yangu ina vitatu. Kimoja kiko kulia, upande wa mikanda, kingine kushoto kinashika gia boksi, na hivi viwili ndivyo vinavyobeba uzito. Cha tatu kiko nyuma, chini, karibu na egzosi, na hicho hakibebi karibu chochote. Kazi yake ni kuizuia injini isijipindue. Injini ikisukuma magurudumu mbele, yenyewe nayo inataka kujizungusha kinyume, na kile kipande cha nyuma ndicho kinachoiambia itulie. Raba yake imeachwa na mianya kwa makusudi, ili ule mtetemo mdogo mdogo wa injini uishie humo ndani usinifikie mimi. Yangu ilikuwa imechanika kutoka kwenye mwanya hadi kwenye chuma. Fundi aliitikisa kwa bisibisi ikacheza kama jino la mtoto wa miaka saba. Ya kulia ilikuwa imelala kidogo, raba imeanza ufa. Ya kushoto akasema haina neno, tusiiguse.

Hapo ningeenda Kirinyaga Road, ninunue mauntingi ya raba, hadithi iishe. Lakini ile ya nyuma nilikuwa nimeibadilisha miaka miwili tu nyuma, raba mpya ya bei nafuu, na ilikuwa imekufa tena. Matuta ya barabara zetu, mashimo, mzigo wa kilo mia mbili na zaidi kila safari, na kupanda na kushuka mabonde ya Kabete, raba laini haidumu. Mteja wangu mmoja wa Kariobangi, mwenye kibanda cha smokie jirani na mafundi wa vyuma, akaniambia kuna kijana kule Light Industries anajaza mauntingi kwa poli, yaani poliurethani. Analeta dawa mbili, anachanganya, anamwaga, ikikauka inakuwa ngumu kuliko raba na haichaniki.

Basi hii ni habari ya ile poli, na ya yule kijana. Sitaitaja karakana, haina hata bango.

Nimpe haki yake kwanza: kazi yake ni safi. Nilitarajia mtu wa kumwaga gundi kwenye kopo. Nikakuta mtu ana mizani ya dijiti ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, anapima dawa A na dawa B hadi gramu ya mwisho. Alieleza kwamba ukikosea kipimo inabaki kunata kama peremende iliyokaa mfukoni, na hakuna kurekebisha. Anakoroga polepole kwa kijiti cha aisikrimu ili isiingie hewa. Maganda ya mauntingi anayakwangua raba iliyokufa, anayasafisha kwa thina mara mbili, anayapiga brashi ya waya hadi chuma king'ae, halafu anayaacha juani yapate joto. Chini anaziba kwa utepe, anamimina hadi mianya yote ijae.

Mara ya kwanza nilipokwenda mvua ilikuwa inanyesha, ni mwezi wa nne. Alinirudisha. Nilikasirika, nimetoka mbali na maganda yangu kwenye mfuko, nikamwambia, "Kijana, ndani humu hakunyeshi." Akanijibu kwa adabu, "Mathe, dawa hii haipatani na unyevu. Ikinusa maji inatoa gesi, na gesi inakuwa matundu." Nilimwuliza binti yangu aliye kidato cha nne, anayesoma kemia, baadaye akanithibitishia: moja ya zile dawa mbili ikikutana na maji hutoa hewa ya kaboni, ileile ya soda. Mauntingi yenye mapovu ndani ni kama mkate, itapasuka. Fundi anayekataa pesa kwa sababu ya mawingu namwekea alama ya juu.

Alama hiyo naipunguza kwa jambo moja. Anafanya kazi hiyo akiwa amefunika pua kwa kola ya fulana. Mvuke wa dawa hizo ni mbaya kwa mapafu, hata debe lenyewe limeandikwa. Nilimpelekea pakiti ya barakoa zilizobaki nyumbani tangu korona, akacheka, na kwa kweli alikuwa na haki ya kucheka, zile huzuia vumbi wala si mvuke. Anahitaji ile yenye vichujio viwili pembeni. Bado hajanunua.

Kuhusu maganda: gari langu likilala siku moja, mayai yanalala, kwa hiyo sikuweza kumwachia mauntingi zangu. Nilipita Grogan, kwenye spea kuukuu, nikaokota tatu kuukuu za Probox, shilingi 800 kila moja, nikampelekea hizo. Ukiwa na gari la kazi nakushauri ufanye hivyohivyo. Poli hushikana usiku mmoja lakini alisisitiza nisizifunge kabla ya siku saba, ndipo inapofikia ugumu wake wote. Nilizichukua siku ya nane.

Sasa ugumu. Ana kidude kidogo cha mviringo chenye sindano chini, unakibonyeza kwenye mpira na mshale unaonyesha namba kutoka 0 hadi 100. Kipimo chenyewe huitwa Shore A. Mauntingi zinazotoka kiwandani mara nyingi huwa kati ya 45 na 65. Mpira wa tairi ni kama 70. Yeye huuza poli za aina tatu: 60, 80 na 95. Ile ya 95 alisema ni ya magari ya mashindano na hakunishawishi. Akanipendekezea 80. Alipobonyeza sindano kwenye zangu ilisoma 80 kweli, nukta moja juu au chini. Ni ugumu wa kisigino cha kiatu.

Na hapa ndipo penye lawama yangu. Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya ile ya nyuma peke yake, labda na ya kulia. Yeye akaniambia nizijaze zote tatu. "Mathe, ukiweka ngumu moja, mzigo wote utahamia kwa hizo laini, zitakatika." Ukiisikia ina mantiki. Nami ni mfanyabiashara, naijua lugha ya kuongeza trei ya tatu juu ya mbili, lakini siku hiyo sikuitambua. Tukapatana shilingi 2,200 kwa kila moja, zikawa 6,600.

Fundi wangu wa Kangemi alipoziona alizigeuzageuza, akabonyeza kwa kidole gumba, akauliza, "Zote?" Nikasema zote. Akanyamaza. Nilipaswa kuusikiliza ule ukimya.

Alizifunga pamoja na sevisi ya kawaida: oili lita nne, ambazo injini hii haizimalizi, filta, kusafisha filta ya hewa, kuangalia plagi na breki. Mauntingi zilichukua saa tatu. Aliweka jeki chini ya injini na kipande cha ubao juu yake, kwa sababu ukiweka chuma kwa chuma unatoboa au kukunja sampu, lile bakuli la oili, na akatoa moja baada ya nyingine, asiiache injini ikining'inia hewani. Bolti hakuzikaza zote mara moja. Alizifikisha mkononi tu, akawasha injini, akaiacha ijikalishe, akazima, ndipo akakaza. Kama fundi wako anakaza moja hadi mwisho kabla hajafunga nyingine, mwulize kwa nini, maana injini ikifungwa ikiwa imevutwa upande mmoja, hata raba mpya itatetema.

Akawasha.

Sijui niieleze vipi. Umewahi kukaa kwenye tuktuk ikiwa imesimama? Kioo cha kutazama nyuma kikawa na ukungu, matatu iliyokuwa nyuma yetu nikaiona mbili. Sarafu kwenye kile kisahani cha karibu na gia zikaanza kuimba. Sakafu ilinikuna nyayo kupitia viatu. Nikiwasha taa, mtetemo unaongezeka, kwa sababu jenereta inaielemea injini na mzunguko wake unashuka kidogo. Fundi alichomeka mashine yake ya kusoma, mizunguko ilikuwa 720 kwa dakika. Injini ya silinda nne huwasha silinda mbili kila mzunguko mmoja, kwa hiyo hiyo ni mipigo 24 kwa sekunde, na sasa kila mpigo ulikuwa unapita kwenye kisigino cha kiatu na kuingia kwenye mifupa yangu bila kubisha hodi.

"Itapungua," fundi akasema. "Poli hujikalisha. Endesha kilomita mia tano."

Nilijifunga kibwebwe nikaendesha kilomita 900. Ilipungua, kweli, labda robo. Mtetemo ukabaki pale gari linaposimama, na Nairobi gari husimama zaidi ya linavyokwenda. Ukiwa kwenye mzunguko wa Globe saa moja na nusu asubuhi, dakika ishirini hujasogea, unajua mateso hayo. Wiki ya pili nati moja ya namba ya gari ya nyuma ilifunguka yenyewe, na lile bati la kukinga joto la egzosi likaanza kulia kama debe lenye kokoto. Nikaanza kuzima injini kwenye foleni. Vijana wa boda wakadhani gari limeharibika, wakawa wanajitolea kusukuma.

Lakini nisidanganye: likiondoka, lile gari lilikuwa jipya. Ule mlio wa "dum" ulitoweka siku hiyohiyo na haujarudi. Mkono wa gia ulitulia kabisa. Katika gari hili gia huvutwa kwa kebo, na injini ilipokuwa inacheza ilikuwa inazivuta kebo hizo kutoka upande wa pili, ndiyo maana kutoka ya kwanza kwenda ya pili kulikuwa kama kutafuta ufunguo ndani ya mkoba. Sasa inaingia pale unapoielekeza. Kupanda kutoka mtoni kule Lower Kabete na mzigo mzima, ninapokanyaga, gari linakwenda wakati huohuo, halisubiri injini ijipange kwanza. Kwenye msongamano naachilia klachi nusu na gari linatambaa kama linavutwa na kamba. Goti langu la kushoto, ambalo lina umri wa miaka 51 kama mimi, lilinishukuru. Na zaidi ya kilomita arobaini kwa saa ule mtetemo husikii, mipigo inakuwa ya kasi mno na midogo mno kukusumbua.

Na mayai? Hili ndilo nililotaka kulijua kuliko yote, na ndilo nililolipima vizuri, kwa sababu mimi huandika mipasuko ya kila safari kwenye daftari. Mayai yenye ufa humwuzia mama mmoja wa Pangani wa keki na mandazi kwa bei ya chini, kwa hiyo nazijua namba. Kabla ya kazi yote hii, mauntingi ikiwa imechanika, nilikuwa napoteza tisa kwa safari, ukijumlisha safari kumi na kugawanya. Nikiwa na poli zote tatu: nane. Yaani hakuna tofauti. Nilidhani ule mtetemo wa kusimama ungeyaua, lakini trei ile ya karatasi ilikuwa inaumeza wote. Kinachovunja mayai ni tuta usiloliona na matatu inayokukatia mbele, na hakuna mauntingi ya kuzuia hayo. Kama unabeba bidhaa za kuvunjika na umeambiwa bushi za injini zitakusaidia, weka pesa zako kwenye shoki.

Nilivumilia wiki tano. Kilichonivunja ni abiria. Siku za Jumapili humbeba mama yangu kutoka Uthiru kwenda kanisani, naye ana miaka 78. Tulikuwa tumesimama tukimsubiri mdogo wangu getini, injini inanguruma, akanigeukia na kuniuliza kama kuna tetemeko la ardhi. Hakuwa anatania. Jumatatu nikarudi Kangemi.

"Nilijua utarudi," fundi akasema.

"Ungesema basi!"

"Mama Mayai, ulikuja na mfuko umeshalipia. Ningekwambia utupe?"

Akanieleza alichokuwa amekinyamazia. Ile ya nyuma, kwa kuwa haibebi uzito, ukiifanya ngumu hupati mtetemo mwingi, kwa sababu injini ikiwa imesimama haiisukumi sana. Huisukuma unapokanyaga, na hapo ndipo unapotaka iwe ngumu. Za kulia na kushoto ndizo injini inazozikalia kutwa, na hizo ukizifanya kisigino, kila mpigo unapita. Kuna magari ambayo kiwanda huziweka hata na kimiminika ndani, zimezibwa, ili zimeze ule mtetemo wa kusimama, na watu huzitoboa wakamwaga poli humo. "Na ile hoja ya mzigo kuhamia kwa zile laini?" nikauliza. Akasema kinyume chake ndicho kweli kwa gari hili: ya nyuma ikishika vizuri, hizi mbili hazivutwi mbele na nyuma, zinabaki na kazi yao ya kubeba.

Tukafanya hivi: ya kushoto tukairudisha ileile yangu ya zamani, iliyokuwa haina neno tangu mwanzo na nilikuwa nimeitunza kwenye gunia. Ya kulia nikanunua raba mpya, shilingi 3,800. Ya nyuma tukaiacha poli yake ya 80. Baada ya saa moja na dakika arobaini, kazi ikaisha.

Akawasha, nami nikatazama kioo. Matatu ilikuwa moja.

Kuna mtetemo uliobaki, nauhisi nikiweka rivasi asubuhi injini ikiwa baridi, na sarafu zikiwa mbili tu hugonganagongana kidogo. Mtu asiyejua hawezi kuutambua. Mama hajauliza tena. Gia bado zinaingia vilevile, mlio haujarudi, kutambaa kwenye msongamano ni kulekule. Kwa hesabu yangu faida zote nilizozitaja zilitoka kwenye kipande kimoja cha nyuma, na tabu zote zilitoka kwenye viwili vya pembeni. Mayai: nane kwa safari, kama kawaida yake.

Sasa ni miezi saba na kilomita 11,000 tangu ifungwe. Sevisi ya juzi nilimwomba fundi amulike ile ya nyuma kwa tochi, nami nikachungulia. Haina ufa, haijaachana na chuma. Sili moja ya injini inavuja kidogo na oili imekuwa ikiidondokea, raba ingekuwa imeshavimba na kulainika, poli imepakwa mafuta tu kama mwari. Ile rangi nyekundu ya kijana wa Kariobangi bado inaonekana chini ya tope.

Gharama, kwa wanaohesabu kama mimi. Maganda matatu 2,400, kujaza 6,600, kufunga mara ya kwanza 3,000, kurudia 1,500, raba ya kulia 3,800. Jumla 17,300. Kama ningejaza ya nyuma peke yake na kununua raba ya kulia tangu mwanzo, ganda 800, poli 2,200, raba 3,800 na ufundi labda 2,000, ningetoka na 8,800. Hizo 8,500 za ziada ni ada ya kutouliza. Baada ya petroli mimi hubakiwa na shilingi 20 kwa trei, kwa hiyo ni trei 425, safari tatu na nusu za Wangige nilizofanya bure.

Kijana wa poli nitarudi kwake? Kwa mauntingi ya nyuma, ndiyo, hata kesho, na nitasubiri mvua iishe bila kununa. Kazi ya mikono yake sina la kuilaumu. Nilimpigia simu nikamweleza yaliyonipata, akasikiliza, akasema wateja wake wengi ni wa mashindano, nao hufurahia gari likitetema, huona lina nguvu. Nikamwambia awe anauliza mtu anabeba nini kabla ya kumuuzia tatu. Akasema atauliza. Nadhani atauliza.

Kama gari lako ni otomatiki, mimi ningeogopa zaidi. Shemeji yangu ana Fielder, alipopanda langu likiwa na poli zote akapenda linavyovuta akataka naye. Otomatiki ukisimama kwenye taa ukiwa umeiacha kwenye D, injini inasukuma huku breki inazuia, kwa hiyo mauntingi ziko kazini hata mkiwa mmetulia. Alijaza ya nyuma na kulia. Sasa kila taa nyekundu anaweka N, mkono wake hautulii, na mkewe amehamia kiti cha nyuma. Hajakubali kwamba alikosea. Anasema gari "limeamka".

Zile poli mbili nilizozitoa bado ziko chini ya kiti cha dereva, nzima kabisa. Jirani yangu wa Wangige anayepeleka mkate kwa Probox ya gia kama yangu anazitaka, ameniambia 1,000 kwa zote mbili. Nimemweleza kila kitu, hadi tetemeko la ardhi la mama. Anasema mkate hausikii. Nimemwambia 1,500, na asije kunirudishia.